Mafuta ya Sumaku ya Mama

Mama alistaafu ualimu wa kemia siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshachoka kustaafu. Alizunguka nyumba nzima akitafuta cha kukosoa. Alipanga upya kabati la vyombo, akalipangua, akaja chumba cha kati nilikokuwa na cherehani yangu na kuniambia pindo ninaloshona limepinda. Lilikuwa limenyooka kama rula. Nikamwambia, "Mama, tafuta kazi." Sikujua kwamba nilikuwa nakaribisha amonia ndani ya nyumba.

Nyumba yetu ilikuwa ndefu na nyembamba. Chumba cha mbele, chenye dirisha la mbao lililofunguka barabarani, kilikuwa karakana ya baba. Cha kati kilikuwa changu. Mimi ni mshonaji, na wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kwenda kombo, habari ambayo nitaisimulia siku nikiwa na hasira za kutosha. Nyuma kulikuwa na ua wenye bomba la maji, jiko la mkaa na meza ya bati, na huko ndiko mama alikofundishia sahani baada ya kukosa wanafunzi.

Baba alitengeneza spika. Si redio, si televisheni, na ukimletea pasi alikutazama kama umemtukana. Spika tu. Mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina hilo alilipata ujanani, maana aliwasha muziki, akainamisha kichwa, akafumba macho, halafu akasema, "Koili inagusa upande wa kushoto," au, "Gundi imeachia hapa chini." Akifungua, ni kweli. Wapo waliokuja na spika za kutoka mbali ili wamwone akifanya hivyo tu. Fundi wa spika asiyesikia ni sawa na mshonaji asiyeona tundu la sindano, kwa hiyo kazi yake yote na heshima yake yote vilikaa ndani ya yale masikio mawili makubwa, ambayo kwa bahati nzuri sikuyarithi.

Kilichomsumbua miaka hiyo ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Twita nyingi nzuri huwa na tone la mafuta meusi katika ufa ulio kati ya koili, ule waya mwembamba uliozungushwa, na sumaku. Mafuta hayo hayatiririki kwa sababu sumaku inayashika palepale, na kazi yake ni kuipoza koili isiungue. Yakizeeka yanaganda kama gundi, koili inanasa, twita inanyamaza. Baba aliyakwangua kwa vipande vya karatasi, akasafisha vizuri, kisha akabaki amekodoa macho, kwa kuwa mafuta mapya yaliagizwa kutoka ng'ambo kwa vichupa vidogo na mara nyingi hayakufika.

Mchana mmoja mama alipita karakanani akiwa amenuna, akaona kipande cha karatasi chenye ule uchafu mweusi. Akakichukua, akakinusa. Kisha akaokota sumaku mezani na kuipitisha chini ya karatasi. Uchafu ukaifuata.

"Hii ni kutu," alisema.

"Hayo ni mafuta ya ng'ambo, Mwalimu." Hata baba alimwita Mwalimu, hasa alipotaka amani.

"Ni kutu, mume wangu. Kutu nyeusi, iliyosagika mpaka basi, na iliyovaa vizuri. Niachie mimi."

Alinieleza mimi, kwa sababu baba alijifanya ana kazi nyingi. Chuma cha namna hiyo kikitengenezwa katika chembe ndogo sana, ndogo kiasi kwamba hata kwa hadubini ya shule huzioni, chembe hizo zinaweza kukaa ndani ya mafuta bila kuzama. Joto la kawaida la chumba linatosha kuzirusharusha huku na huko. Shida ni kwamba kila chembe ni sumaku. Ukiziacha uchi zinavutana, zinashikana mabonge, na mabonge yanazama. Hapo una matope, huna mafuta.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo kila moja inavalishwa koti lake. Koti lenyewe ni asidi ya oleiki. Imo kwenye mafuta ya kula, na wapika sabuni wanaijua. Ina kichwa na mkia. Kichwa kinang'ang'ania chuma, mkia unabaki nje, na mkia unapenda mafuta. Chembe mbili zikitaka kukumbatiana, mikia yao inasukumana. Zinabaki majirani wema, hakuna anayehamia kwa mwenzake."

Nilimwelewa haraka. Mtu akizungumza habari za koti, mimi hahitaji kunirudia.

Vifaa alivikusanya kwa ujanja. Ile dawa ya kahawia ya kuchubulia vibao vya saketi, inayotia madoa yasiyotoka, aliitoa kwenye rafu ya baba. Nyingine kidogo akaitumbukizia waya wa kusugulia sufuria mpaka ikageuka kijani hafifu. Asidi alipewa na mpika sabuni wa sokoni, mama mzima mwenye wajukuu, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake na bado alimwogopa. Mafuta mepesi aliyachukua kwenye cherehani yangu bila kuomba.

Alichanganya ile kahawia na ile kijani kwenye bakuli la kioo, akaanza kumimina amonia polepole huku akikoroga. Kitu kile kilibadilika papo hapo kikawa cheusi ti. Harufu ilipanda ikatutoa machozi sote. Jirani akapaza sauti ng'ambo ya ukuta akiuliza kama kuna mtu amekufa.

"Bado!" nikajibu.

Mama hakucheka. Alikuwa amefika penye koti. Alidondosha asidi tone kwa tone, bakuli likiwa juu ya maji ya moto, akikoroga bila kupumzika hadi harufu ikaisha na ule weusi ukajikusanya kama uji mzito. Akausuuza kwa maji mara nyingi, kila mara akiwa ameweka sumaku chini ya bakuli ili weusi usiondoke na maji. Mwisho akautia kwenye mafuta ya cherehani.

Mara ya kwanza tulipata matope. Mara ya pili tulipata matope yenye mafuta juu yake. Baba akauliza kama tunapika au tunazika, akafukuzwa uani. Lakini asubuhi moja mama aliniita kwa sauti niliyoijua toka utotoni, sauti ya siku mwanafunzi mgumu anapopata jibu sahihi. Kisahani kilikuwa juu ya sumaku kubwa ya spika, na mafuta yamesimama wima yenyewe, miiba mingi myeusi inayong'aa, kama nungunungu aliyekurupushwa. Akiondoa sumaku, yanalala yakawa kidimbwi. Akiirudisha, yanasimama. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akacheka hadi akakaa chini.

Tulikwenda karakanani wote. Baba alitia tone kwa sindano, akarudisha koili, akaunganisha nyaya. Mama alisimama mbele yake, mikono kifuani. Muziki ulipoanza, baba aliinamisha kichwa kama kawaida, akafumba macho. Halafu akayafumbua, akamtazama mama.

"Inaimba!" alisema. "Mwalimu, inaimba!"

Nikiambiwa nichague miaka ya kurudishiwa, nitachagua iliyofuata. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, na mtaani walinisema, lakini nyumba ilikuwa na raha ambayo sijaiona tena popote. Asubuhi nilisikia koleo la mama likigonga jiko la mkaa nyuma, na mbele baba akijaribu wimbo uleule wa kinanda mpaka ukakera. Mimi katikati nikikanyaga cherehani. Mama alitoka uani na kichupa, akapita chumbani kwangu akiniachia neno la kukosoa, akaingia karakanani na kusimama palepale, mikono kifuani, hadi baba aseme. Kisha walibishana. Baba alisema mafuta ni mazito, mama alisema mikono yake ndiyo mizito. Saa kumi walikunywa chai kwenye dirisha la mbao, yeye akiongea, baba akiitikia, "Eheee," na "Kumbe," na "Hao ndivyo walivyo." Nilijiambia kwamba kama ndoa ni hii, basi mimi nilikuwa nimeolewa na kitu kingine.

Sifa zikasambaa. Mafundi wengine walianza kumtuma mtu aje kuchukua mafuta ya Mwalimu, na mama akawa na kazi isiyo na mwisho uani. Alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Hakupata tena nafasi ya kwenda mbele. Alinikabidhi kichupa, mimi nikakipeleka, nikakiweka mezani kwa baba, nikarudi kwenye pindo langu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Baba alikuja uani na twita mkononi.

"Hii imekufa, Mwalimu. Haitoi kitu."

Mama aliikagua. "Umesafisha vizuri?"

"Nianze leo kufundishwa kusafisha?"

Wiki iliyofuata akaja na nyingine, halafu nyingine. Si zote, lakini zilitosha kumkosesha mama usingizi. Aliamini kile alichoambiwa na Sikio, na nani asingemwamini? Kama twita imekufa na koili ni nzima, basi mafuta yameganda. Kama yameganda, chembe zimeshikana. Kama zimeshikana, makoti ni mepesi. Ilikuwa hoja iliyonyooka, na kila hatua yake ilikuwa sahihi isipokuwa ya kwanza.

Akaongeza asidi. Baba akasema bado. Akaongeza tena. Safari hiyo ule weusi ulikataa kabisa kuingia kwenye mafuta. Aliukoroga, akaupasha moto, akaubembeleza. Mafuta yalibaki juu, masafi kama yalivyotoka kwenye kopo, na weusi wote ukabaki chini ndani ya maji, umetulia, kama uliokuwa ukiishi huko siku zote.

"Unaona nilichofanya?" aliniambia. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Asidi imezidi. Ile ya ziada imekosa chuma cha kushika, ikashika mikia ya wenzake. Sasa vichwa ndivyo viko nje, na vichwa vinapenda maji."

"Umevalisha koti juu ya koti," nikasema, "na la pili umeligeuza bitana nje."

"Ndiyo. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza." Alitazama viganja vyake, ambavyo siku hizo havikutakata weusi. "Nimezeeka, mwanangu. Mkono umekwisha."

Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo, hata alipopasuliwa mguu. Siku ile alianza kuosha mabakuli yake na kuyafunga kwenye magazeti. Mimi niliogopa. Nilijua atakaporudi kuzunguka nyumba bila kazi, hatadumu.

Katika kufungafunga huko ndipo alipofika kwenye rafu ya dirisha la kuelekea uani. Kulikuwa na chupa ya mafuta ya zamani, ya kabla hajaanza kuongeza asidi, aliyoiacha juu ya sumaku msimu mzima wa mvua kwa sababu tu mahali pengine hapakuwa na nafasi. Aliinua chupa ile kwenye mwanga, akaiinamisha. Hakukuwa na tope chini, wala ukungu. Akamimina kidogo kwenye kisahani juu ya ile sumaku, miiba ikasimama mirefu kama siku ya kwanza.

"Haya mafuta ndiyo niliyompa baba yako alipoanza kusema twita zimekufa," alisema. "Yaleyale."

Tulichukua twita moja aliyoitupa baba kwenye sanduku la vilivyokufa. Mama alisafisha, akatia tone kutoka chupa ile, nikaunganisha kwenye redio yangu ya chumbani. Tulisikia matoazi, tukasikia hata mwimbaji akivuta pumzi. Mimi nilisikia, na mama, pamoja na umri wake, alisikia.

"Ipeleke wewe," aliniambia. "Mwambie ni mafuta mapya. Usikunje uso, usitabasamu, usiseme lolote. Mwanafunzi akiona jibu usoni mwako hatajibu yeye, utajijibu wewe."

Nilijikaza kisabuni, nikampelekea. Baba aliunganisha, akainamisha kichwa, akafumba macho. Twita ilikuwa ikilia mpaka meno yalinisisimka. Alifumbua macho, akanitazama, nami nikamwonyesha uso mkavu kama ukuta. Akashika ncha ya kidude kile kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Imekufa," alisema. "Kamwambie asijisumbue tena."

Nilirudi uani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akalisoma jibu usoni mwangu.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba Sikio hasikii? Mtu aliyeitwa hivyo tangu ana nywele?" Alishusha sauti, ingawa sasa tulijua hakukuwa na haja. "Akiambiwa hivyo atafunga dirisha lile. Akilifunga, umemzika."

"Na wewe je? Unafunga mabakuli yako kwa kosa ambalo si lako!"

Akaendelea kuzungushia bakuli gazeti. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia baba.

Siku chache baadaye alikuja mteja wetu wa siku nyingi, bwana mnene anayekodisha vyombo vya muziki kwenye sherehe, tuliyemwita Mzee wa Shughuli. Alikuwa amevimba kwa hasira. Baba alikuwa amemtengenezea jozi ya spika, na kwa kuwa twita zake "zilikuwa zimekufa nusu," alizipa nguvu kupita kiasi ili zisikike. Zikasikika. Wageni waliziba masikio kwa mikono, watoto wakalia, na bibi harusi akaomba muziki uzimwe.

"Mimi nilisema nini pale?" alifoka, akilaza spika mezani. "Nilisema zimetengenezwa na Sikio! Nimechekwa, bwana!"

Mama alikuwa ameingia kwa kelele zile na amesimama kwenye mlango wa ndani. Nami nilikuwa nyuma yake, na sentimeta ya kupimia shingoni. Baba hakutuona. Alikuwa akitazama midomo ya mteja.

"Ni mafuta," baba alisema. "Ni mafuta ya mke wangu, bwana. Zamani alikuwa anayaweza. Siku hizi mkono umekwisha."

Nikafungua mdomo niseme yote, lakini mama alinikanyaga mguu. Angeweza kumaliza kila kitu kwa sentensi moja. Jina lake lingesafishika, na la baba lingeishia palepale, mbele ya mtu asiyeweza kutunza siri hata ya bei ya chumvi.

"Ni kweli," mama alisema kwa sauti yake ya darasani, na baba akageuka kumtazama mdomo. "Nilikosea koti. Acha spika zako hapa, utazikuta nzuri."

Mzee wa Shughuli aliona aibu kumgombeza mwanamke mzee, akagunaguna, akaondoka. Mama akageuka arudi uani.

"Mwalimu," baba aliita.

Akasimama, akamgeukia.

"Mafuta hayana kosa."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Juzi. Na wewe?"

Baba alichukua kitambaa akafuta mikono isiyokuwa na uchafu. "Kabla hujastaafu."

Mama alirudi akaketi kwenye kigoda cha wateja. Niliona hesabu ikipita usoni mwake, mwaka kwa mwaka. "Na ile ya kwanza? Uliyosema inaimba?"

"Sikusikia hata chembe. Nilikutazama wewe. Uso wako ulikuwa umewaka, nikajua inaimba."

"Na zile zote baadaye?"

"Hivyohivyo. Ulikuwa unasimama pale." Alionyesha kwa kidevu. "Halafu ukaacha kuja. Chupa inaletwa, wewe uko nyuma. Ningejuaje?"

Mama alipiga meza kwa kiganja, skrubu zikaruka. "Umenifanya nijione nimekwisha! Nimeharibu mafuta mazima kwa ajili ya masikio yako! Nimekaa kwenye ndoo nikilia kama mwendawazimu!" Alimwambia mengine ambayo binti hapaswi kuyarudia, na baba aliyapokea yote, akimtazama mdomo asipitwe na hata moja.

Alipomaliza, baba alisema, "Sauti yako naisikia ikija. Maneno ndiyo yanapotelea njiani."

"Tangu wakati huo?"

"Tangu wakati huo."

"Na chai zote zile? Mimi naongea, wewe unaitikia?"

"Nilikuwa nakisia," alisema baba.

Mama alimkodolea macho. Kisha uso wake ulilegea, machozi yakamtoka bila sauti. "Ulikisia vizuri," alisema.

Kesho yake baba alimwendea Mzee wa Shughuli mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevaa shati la kutokea. Alimwambia mafuta ya mke wake ni mazima, kilichokufa ni masikio yake. Alijua habari itafika sokoni kabla yake, na ilifika. Wateja wengine hatukuwaona tena. Kuna kijana mmoja mjinga aliyepita dirishani akipiga kelele "Sikio!" na kukimbia, kana kwamba kuna haja ya kukimbia. Baba alikunja uso siku nzima, lakini dirisha hakulifunga. Alipimwa, akapewa kile kifaa cha kuvaa sikioni, akakiita mdudu na kukivaa siku za wageni tu.

Mama alifungua mabakuli yake kwenye magazeti. Akarudi kwenye kipimo chake cha zamani, tone kwa tone, na ule weusi ukaingia kwenye mafuta bila ubishi. Aliwapunguza wateja wa nje, akakisogeza kile kigoda cha wateja mbele ya meza ya karakana. Baba alitengeneza, mama alisikiliza. Wakati wa chai alikaa akimwelekea, akaongea polepole, na nikagundua kwamba baba alikuwa ameanza kubisha. Kwa miaka yote ile, kwenye chai, alikuwa akikubali kila kitu kwa sababu hakujua anakubali nini. Waligombana kuliko zamani, na mama alinawiri.

Alitangulia mama, kwa ugonjwa wa haraka ambao haukutupa nafasi ya kubishana nao. Baba alikaa muda mrefu bila kugusa bisibisi. Nilishona, nikapika. Wateja walipogonga dirisha niliwaambia fundi amesafiri, uongo ambao kila mtu aliukubali kwa heshima.

Asubuhi moja nilisikia bawaba za dirisha la mbele zikilia. Nilikuta baba amekaa mezani, twita imefunguliwa mbele yake, amesafisha, ametia tone la mafuta ya mama kutoka chupa ya mwisho aliyoitengeneza. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Alipoona kivuli changu aliinua kichwa.

"Kaa pale," alisema.

Nikakaa kwenye kigoda. Akawasha muziki. Hakuinamisha kichwa wala hakufumba macho. Alinitazama mimi. Twita ilikuwa safi, safi kabisa, kila sauti nyembamba mahali pake, na nilipoisikia hivyo nilishindwa. Nililia kama sikuwahi kulia hata siku ya mazishi.

Baba alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono, akazima.

"Basi imekufa," alisema taratibu, akachukua bisibisi aanze kuifungua.

Nilimshika kiganja. Nilifuta uso kwa sketi niliyokuwa naishona, nikasogea karibu, nikafungua mdomo vizuri ili aone.

"Inaimba, Baba. Inaimba."

Alinitazama tena kwa muda mrefu. Halafu akaiwasha upya, tukakaa.